Ambulansi ilale wapi? Bukavu ihesabu kwanza, ndipo ikate utepe

Usiku ule moto uliposhika nyumba ya jirani yetu, juu kule Cimpunda, mtu wa kwanza kufika kutoka mbali hakuwa mzima moto. Alikuwa kijana wa pikipiki, motari aliyekuwa anarudi kwake, akaona mwanga. Alisimamisha pikipiki yake, akavua koti, akaingia kwenye mstari wa watu waliokuwa wakipitishana bidoni za maji. Nyumba tatu zilikuwa zimekwisha kuanguka. Gari la kuzima moto lilikuja, sisemi halikuja. Lilifika wakati mbao zimekuwa makala, tena likasimama chini barabarani kwa sababu njia ya kupanda kwetu haipitishi gari la ukubwa ule. Vijana wakalirushia mawe. Dereva akageuza, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi mama mwenye nyumba alikuwa amekaa juu ya bati lililokunjamana, hasemi neno. Mtoto wake wa miaka 6 alikuwa amechomeka mikono yote miwili. Alibebwa mgongoni mpaka barabara kubwa, kutoka pale akapelekwa hospitali na teksi iliyoomba pesa kwanza. Mzee mmoja wa avenii yetu akaniambia: «Mwanangu, lile gari si bovu. Linalala mbali.»

Linalala mbali. Tangu siku ile nimeyazungusha maneno hayo kichwani, kwa sababu ni maneno ya mtu aliyeona kitu ambacho wakubwa wetu hawakioni. Kila mara tunapolia juu ya moto au juu ya mama aliyefia njiani, tunaomba kitu kimoja: magari. Tuletewe magari mawili, matano, kumi. Hakuna anayeuliza gari litalala wapi. Na mimi nasema swali hilo lina uzito karibu sawa na gari lenyewe.

Tunajua wote jinsi mambo yanavyokwenda. Gari linafika, limefungwa utepe. Kuna hotuba, kuna kwaya, kuna mtu mkubwa anayeshika ufunguo ili apigwe picha. Jioni gari linapelekwa kulala. Wapi? Kwenye uwanja wa ofisi, au kwenye hospitali kubwa, kwa sababu pale kuna ukuta, kuna mlinzi, na mkubwa anaweza kuliona kutoka dirishani. Sababu ya mlinzi si mbaya, sitaidharau. Gari lisilo na mlinzi katika mji wetu litaamka bila betri. Lakini hiyo ni sababu ya kulinda gari, si sababu ya kulinda watu. Sijawahi kusikia katika hotuba hata moja: tumelihesabu, kutoka hapa litafika Cimpunda kwa dakika kadhaa, Panzi kwa dakika kadhaa, Bagira kwa dakika kadhaa.

Na dakika ndizo zinazoua. Nyumba ya mbao iliyobanana na nyumba ya mbao haingoji. Mbabula ikianguka usiku, au waya wa umeme uliounganishwa vibaya ukitoa cheche, nyumba ya kwanza haiokoki hata kama gari liko kwenye kona. Kinachookolewa na gari ni nyumba ya pili, ya tano, ya kumi. Vilevile mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa: anaweza kufa ndani ya masaa machache tu, na katika masaa hayo lazima mtu aitwe, ashuke naye kwenye kipoyi, apate gari, gari lipite kwenye msongamano, apokelewe. Kila hatua inakula kipande cha maisha yake.

Tufanye hesabu ndogo. Ni mfano tu, namba nimeziweka mimi mwenyewe ili tuelewane. Tuseme mji una ambulansi moja. Kila inapotoka, mpaka imchukue mgonjwa, imfikishe, isafishwe na kurudi mahali pake, inapita saa moja na nusu. Tuseme inaitwa mara 6 kwa siku. Mara 6 kwa saa moja na nusu ni masaa 9, na siku ina masaa 24. Maana yake, kama miito inakuja bila ratiba, na ajali hazina ratiba, watu 3 kati ya 8 wanaopiga simu watakuta ambulansi iko na mgonjwa mwingine. Ni karibu 37 kwa 100. Sasa ongeza ambulansi ya pili, na zote mbili zisaidiane. Wanaokuta hakuna gari wanashuka mpaka karibu 6 kwa 100. Si nusu, kama kichwa kinavyodhani kwa haraka. Wanashuka zaidi sana.

Lakini hapo bado hatujasema gari la pili linalala wapi. Likilala kwenye uwanja mmoja na la kwanza, Bagira inabaki mbali vilevile. Likilala Bagira, basi siku ambapo lile la Ibanda liko kazini, hili la Bagira litaitwa livuke mji mzima kwenda Panzi, na wakati huohuo Bagira itabaki bila kitu. Ongeza mvua. Ongeza saa 12 jioni, pale Essence na kwenye barabara ya kwenda Major Vangu, wakati teksi, pikipiki, malori na watembea kwa miguu wote wanataka kupita kwenye shimo moja. Hesabu ya kalamu inaishia hapo. Kutoka hapo ndipo inapoanza kazi ambayo wataalamu wanaiita simulasio, na ambayo mimi ningeiita kuuchezesha mji ndani ya ordinatere.

Si uchawi. Unachukua ramani: barabara, njia panda, hospitali, vituo vya afya. Kwa kila kipande cha barabara unaweka muda wa kukipita, saa 2 asubuhi mbali na saa 8 usiku. Kisha unachukua daftari la miito ya mwaka mzima: siku hii, saa hii, mahali hapa, mgonjwa wa aina hii. Ordinatere inaanza kuuishi mwaka ule upya. Simu inalia, gari lililo huru na la karibu linatoka, linafika, linakwenda hospitali, linarudi. Simu nyingine inalia kabla halijarudi, gari la mbali ndilo linalotumwa. Mwaka mzima unapita kwa muda mfupi, na mwishoni unaona nani alingoja dakika ngapi. Halafu unahamisha kituo kimoja tu, kutoka kilima hiki hadi kile, na unauchezesha mwaka uleule tena. Hakuna aliyekufa katika jaribio hilo. Hakuna mafuta yaliyoungua. Makosa yanafanyika kwenye ordinatere badala ya kufanyika kwenye mwili wa mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, Shane Henderson na Andrew Mason, waliifanya kazi hii kwa ajili ya ambulansi za St John za mji wao. Programu yao iliitwa BARTSIM. Hawakubuni miito, waliirudisha ile ya kweli iliyokuwa imeandikwa, na wakaangalia nini kingetokea kama magari yangepangwa namna nyingine. Baadaye watu wa chuo hichohicho waliandika programu nyingine inayoitwa JEMSS, na hiyo iko wazi: mwanafunzi wa Bukavu mwenye ordinatere na intaneti ya kutosha anaweza kuichukua bila kulipa franka moja.

Najua mtu ataniambia: ndugu, Auckland ni Auckland. Kule barabara ina lami na kila nyumba ina namba. Ni kweli. Kwa hiyo twende Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, mji uliojaa watu kupita kiasi, wenye msongamano ambao hata dereva wa Kadutu angeushangaa. Watafiti Justin Boutilier na Timothy Chan walikwenda kule, wakakusanya habari za miito na za mwendo wa magari barabarani, na mwaka 2020 wakatangaza matokeo yao katika jarida la Operations Research. Mambo matatu waliyoyaona yananihusu mimi wa Cimpunda.

La kwanza, walisema kazi iliyokuwa inafanywa na ambulansi za mji ule ingeweza kufanywa kwa theluthi moja ya vituo na nusu ya magari, kama tu vingepangwa mahali panapofaa. Someni tena: nusu ya magari. Sisi tunalilia kuongezewa, na huko kuna mji uliogundua kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake ilikuwa inapotea kwa sababu ya mahali pa kulala. La pili, vituo vilivyochaguliwa kwa kufuata saa ya msongamano mkubwa vilifanya vizuri hata saa nyingine na siku nyingine za juma. Hilo linarahisisha kazi: anza kupima saa mbaya zaidi. La tatu ndilo lililonifanya nisimame. Magari madogo, yanayoweza kupenya kwenye njia nyembamba, yangewafikia watu karibu mara tatu zaidi kuliko ambulansi kubwa za kawaida, na muda wa kufika ungepungua kati ya asilimia 10 na 18. Sababu ni rahisi. Kwa gari dogo, mji una barabara nyingi zaidi.

Nikamkumbuka yule motari. Yeye alifika. Kwa pikipiki yake Cimpunda ina njia. Kwa gari kubwa la maji Cimpunda haina njia kabisa. Sasa kama tungeuchezesha mji wetu kwenye ordinatere, na tukaweka upande mmoja gari kubwa linalolala katikati ya mji, na upande mwingine pikipiki kadhaa za magurudumu matatu zenye kitanda cha mgonjwa, au zenye pampu ndogo na mipira ya maji, zimesambazwa juu ya vilima, ingekuwaje? Mimi nina wazo langu, lakini wazo langu si ushahidi. Ndiyo maana nataka ihesabiwe.

Hapa nataka niwe mkweli, maana mtu akikusifia dawa bila kukwambia ubaya wake anakuuzia kitu. Hesabu hizi zimewahi kutumiwa vibaya, tena katika mji tajiri.

Mwaka 1969 mji wa New York, wakati wa meya John Lindsay, uliungana na shirika la utafiti la RAND ili kuunda taasisi ya kutafuta namna bora ya kuendesha kazi za mji. Moja ya kazi hizo ilikuwa kuzima moto. Waliokuwa kwenye kazi hiyo walikuwa watu wenye akili nyingi. Mambo waliyoyaandika yanafundishwa mpaka leo. Walitengeneza simulasio ya magari ya zimamoto, wakatafuta kanuni ya kukadiria umbali kati ya moto na gari, na mwaka 1974 Peter Kolesar na Warren Walker wakaandika juu ya namna ya kuhamisha magari yaliyo huru ili yazibe pengo pale ambapo vituo vingi viko kazini kwa wakati mmoja. Jambo zuri kabisa. Lakini mji ulikuwa unaishiwa pesa, na hesabu zilianza kutumiwa kuchagua ni vikosi gani vifungwe. Vilianza kufungwa mwaka 1972, na vingi vilikuwa katika sehemu za maskini, kama Bronx Kusini na Brownsville, ambako moto ulikuwa unawaka karibu kila siku.

Watafiti Deborah na Rodrick Wallace waliishambulia kazi ile kwa miaka mingi, na mwandishi Joe Flood aliiandikia kitabu mwaka 2010. Malalamiko yao kwa kifupi: muda wa magari kusafiri ulipimwa kwa saa za mkononi walizopewa wazima moto, na vipimo vingine havikufanywa kwa makini, modeli ilionyesha kana kwamba msongamano wa barabarani hauna maana kubwa, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuendesha gari New York angelicheka, na pale ambapo hesabu ilielekeza kufunga kituo katika sehemu za watu wenye nguvu, siasa iliingilia. Kuna wanaosema lawama hizo zimezidi, kwamba Bronx iliungua kwa sababu nyingi. Sitaamua ugomvi huo hapa. Kwangu inatosha kuona kwamba ordinatere haikukataa. Ilipewa vipimo vibaya, ikatoa jibu lenye namba nzuri, na jibu lenye namba nzuri ni gumu kupingwa na mama wa mtaani.

Sasa rudi kwetu uone hatari iko wapi. Auckland walichukua daftari la miito. Sisi tukichukua daftari la miito, litasema nini? Litasema kwamba Muhumba na Nguba zinapiga simu, na Cimpunda haipigi. Litasema Nyamugo haina wagonjwa wa dharura usiku. Kwa sababu mahali ambapo gari halijawahi kufika, watu hawapigi simu. Wanampigia motari, au wanamwamsha jirani mwenye mgongo wenye nguvu, au wanangoja kupambazuke. Ukiipa ordinatere daftari hilo, itakushauri kwa heshima zote uweke magari karibu na watu ambao tayari wana magari yao wenyewe. Na utakuwa na karatasi ya kisayansi mkononi.

Kwa hiyo tusihesabu simu. Tuhesabu watu. Kila hospitali na kila kituo cha afya kina rejista. Ndani yake kuna waliochomeka, mama waliofika wamechelewa, waliogongwa na magari, watoto waliofikishwa wamekwisha kufa, na kwa kila mmoja imeandikwa anapokaa. Zoni za afya za Ibanda, Kadutu na Bagira zinatuma ripoti kila mwezi. Wakubwa wa avenii wanajua nyumba zilizoungua katika eneo lao, mwaka hadi mwaka, hata bila kuandika. Mzee wetu alinitajia zote kwa majina ya wenye nyumba. Makanisa yanajua nani alizikwa kwa sababu gani. Habari zipo. Hazijakusanywa kwenye meza moja, basi.

Na dakika za njia nani atatupa? Wamotari. Hakuna mtu anayeujua mji huu kuliko wao. Waulize kutoka Place de l'Indépendance mpaka Panzi ni dakika ngapi siku ya posho saa 11 jioni, watakujibu kabla hujamaliza swali, tena watakwambia kama mvua imenyesha jana jibu linabadilika. Vyuo vikuu viko hapa hapa, vina vijana wa ordinatere, wa jiografia, wa afya ya jamii, ambao kila mwaka wanatafuta kazi ya kuandikia ili wapate diploma. Ramani ya OpenStreetMap iko wazi kwa wote, na kama njia fulani za kupanda vilimani zinakosekana, kijana mwenye simu anaweza kuzitembea na kuziongeza.

Kuna vitu vya kwetu ambavyo programu ya wageni haitavifikiria yenyewe. Mguu, kwa mfano. Katika modeli nyingi gari likifika kwenye anwani, saa inasimama. Kwetu gari likifika kwenye anwani, saa ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kati ya barabara na mgonjwa kuna ngazi za udongo, mfereji, na pengine daraja la mti mmoja. Muda wa kipoyi lazima uingie. Maji pia: gari la zimamoto likimaliza maji yake linakwenda kujaza wapi, na kwa muda gani? Tuna ziwa zima miguuni mwetu na robine kavu juu ya vilima. Kituo cha zimamoto kisicho na maji karibu ni karakana tu. Mafuta vilevile, na dereva wa usiku, na simu ya dereva yenye kuwaka. Gari lililo mita 200 kutoka kwako lakini halina mafuta liko mbali kuliko lile la Auckland.

Halafu kuna swali ambalo ordinatere haiwezi kulijibu, na lisiachwe kwa watu wa ordinatere peke yao: tunatafuta nini? Ukisema unatafuta wastani mdogo wa dakika kwa mji mzima, utapewa mpango unaowafaa wanaokaa kwenye lami. Wakaaji wa Nguba wakifikiwa kwa dakika 6 na wale wa Kasha kwa dakika 50, unaweza kupata wastani wa kuvutia, kwa sababu wale wa kwanza wanaita mara nyingi zaidi. Mimi ningeomba kinyume: tafuteni kwanza mtaa unaongoja kuliko wote, na mshushe dakika za mtaa huo. Mtu mwingine atasema hapana, okoa watu wengi kwanza, popote walipo. Ni mjadala wa kweli, una hoja pande zote mbili, na unapaswa kufanyika wazi mbele ya wanainchi kabla ya modeli kuanza kuchezeshwa.

Wenzangu wawili niliowasomea mawazo haya walinicheka. Mmoja alisema: «Yaya, hatuna magari, wewe unataka simulasio ya magari?» Nikamjibu kwamba mji wenye mamia ya magari unaweza kukosea mahali pa kumi na usione. Sisi wenye moja au mawili, tukikosea pa kulala tumekosea kila kitu. Mwingine aliuliza: katika hali hii ya vita na utawala wa kubadilika, nani atasikiliza? Swali lake ni zito kuliko la kwanza. Sina jibu lote. Nasema tu kwamba kazi ya kukusanya rejista na kupima njia haihitaji amri ya mtu mkubwa. Inaweza kufanywa na chuo, na zoni ya afya, na mashirika ya raia, na ikae tayari ndani ya kabati. Siku gari litakapokuja, kutoka kwa yeyote atakayelileta, karatasi iwepo mezani kabla ya utepe.

Na wafadhili nao waulizwe. Wanaoleta ambulansi kwenye zoni ya afya wanaandika katika ripoti zao idadi ya magari waliyotoa. Waandike pia dakika zilizopungua, na kwa nani. Kama hawawezi kusema, warudi wahesabu.

Juma lililopita nilichukua saa yangu nikapanda kutoka barabara kubwa mpaka pale palipoungua. Dakika 14, mikono mitupu, bila mvua. Kushuka, dakika 9. Kisha vijana wanne wa avenii walikubali kushuka na kipoyi, mmoja wao amelala juu yake kama mgonjwa, wakicheka njia nzima mpaka walipofika kwenye mfereji, hapo wakaacha kucheka. Dakika 22. Nimempa mzee wetu namba hizo tatu na ameziandika kwenye daftari lake, chini ya majina ya wenye nyumba zilizoungua. Anauliza ampelekee nani.